Printa nzima ila haiprinti: eror 1068 ilivyonifundisha adabu

Jumatatu asubuhi, saa mbili kasoro, nafungua duka nakuta wanafunzi wanne washasimama mlangoni na flashi mkononi. Ilikuwa wiki ya kukusanya ripoti za fildi na kwa sisi wenye steshenari hapa Morogoro wiki hiyo ndo mavuno, yaani ukiikosa unakaa unasubiri muhula mwingine. Nikawasha desktopu, nikachomeka flashi ya wa kwanza, nikaskani virusi (flashi za wanafunzi jamani, we acha tu), nikafungua ripoti yake ya kurasa 54, nikabonyeza Ctrl na P... hamna printa. Sio kwamba imeandikwa oflaini, hapana, haipo kabisa, orodha nyeupe pee, kama vile hii kompyuta haijawahi kuonana na printa tangu itoke kiwandani.

Nikafanya yale ya kila mtu. Nikachomoa waya wa USB nikahamishia tundu lingine, nikazima printa nikawasha, nikarestati kompyuta ambayo ni used ya RAM GB 4 na diski ya zamani, kwa hiyo kurestati ni dakika tano nzima za kumwangalia mteja usoni huku unatabasamu. Wapi. Printa yenyewe inawaka taa ya kijani kama inanicheka, na nilipoishikilia kitufe chake cha majaribio ikatoa karatasi safi kabisa, wino umekolea. Kwa hiyo printa nzima, waya mzima. Nikasema basi itakuwa dreva (ile programu inayoifanya kompyuta ielewane na printa), nikatafuta dreva kwenye flashi yangu ya kazi nikaanza kuinstoli upya, ikafika katikati ikanigomea, ikasema Print Spooler haifanyi kazi.

Kwa asiyeijua, ndani ya Windows kuna vijiprogramu vingi vinapiga kazi chini kwa chini bila dirisha wala kitufe, ndo vinaitwa sevisi. Spooler ni mmojawapo, ye ni kama karani wa mapokezi, ukibonyeza print faili halikimbilii kwenye printa moja kwa moja, linafikia kwake, anaandika kwenye diski, anapanga foleni, halafu anailisha printa kidogo kidogo. Karani asipokuja kazini hata uwe na printa kumi hazionekani.

Nikabonyeza kitufe cha Windows na R, nikaandika services.msc, nikashuka mpaka kwenye P. Print Spooler ipo, imewekwa Automatic yaani inatakiwa kujiwasha yenyewe, lakini sehemu ya hali yake pako tupu. Nikabonyeza Start. Kale kamstari ka kijani kakatembea kidogo, halafu kibao: eror 1068. Maelezo ya chini yake ukiyaweka kwa Kiswahili yanasema sevisi au kundi ambalo hii inalitegemea limeshindwa kuwaka. Sasa mi hapo ndo nilipokosea, maana nilisoma namba tu, maelezo nikayaruka kama tunavyoruka masharti ya laini za simu. Nikachukua namba nikaenda kuigugo.

Nikakuta ushauri wa kila aina nikauchukua wote. Nikaendesha sfc /scannow, ile inayokagua mafaili ya mfumo, ikatembea karibu nusu saa halafu ikaniambia haijaona tatizo lolote. Nikaenda kwenye foda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS kufuta kazi zilizokwama, nikakuta foda tupu, hamna cha kufuta. Nikachomoa printa nikaichomeka upya, nikarestati tena. Muda huo wanafunzi wawili washahamia kwa jirani, mmoja akaniaga kwa heshima zote, "Dada tutarudi," na mimi najua harudi mtu. Yule wa kurasa 54 akabaki, nadhani alinionea huruma, au flashi yake ilikuwa bado imechomekwa kwangu.

Saa nne nikampigia kaka mmoja yuko Dar, ndo aliyenifundisha kompyuta enzi hizo natoka shule, siku hizi anahudumia maofisi. Swali lake la kwanza:

"Jana umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu kaka."

"Hakuna hata kimoja?"

"Kaka nakwambia jana ilikuwa Jumapili, duka tulifunga mapema."

Akacheka, akasema haya tutaona. Leo na mimi nawauliza wateja swali hilohilo na wote wananijibu hivyohivyo, na sio waongo, mtu kweli anakuwa amesahau, kwa sababu alichobadilisha kilihusu kitu kingine kabisa na kichwani mwake hakina uhusiano na printa.

Kaka akaniambia nirudi services.msc, niifungue Spooler kwa kuibofya mara mbili, niende kwenye kichupo cha Dependencies. "Hapo juu inakutajia inawategemea kina nani. Nisomee." Nikamsomea, wako wawili: HTTP Service na Remote Procedure Call. Akasema eh, sasa hao ndo wa kwenda kuwaangalia, achana na Spooler, huyo hana kosa. "We umekaa asubuhi nzima unampiga sindano mtu mwenye afya, mgonjwa yuko chumba cha pili."

Remote Procedure Call nikaikuta inafanya kazi, na vitufe vyake vya kuzima vimefifia, huwezi hata kuigusa, na ni vizuri maana ile ikizimwa Windows nusu nzima inaanguka. Nikaenda kutafuta HTTP Service. Nikashuka kwenye H nikakuta Human Interface Device Service na wenzake, HTTP hamna. Nikapanda nikashuka, nikadhani naona vibaya, nikamwita na yule mwanafunzi anisaidie macho, naye hakuiona. Kaka akasema hautaiona, ile ni dreva inayokaa kwenye kiini cha mfumo, orodha hii inaonyesha sevisi za kawaida tu, ile unaiuliza kwa komandi. Fungua dirisha la komandi kama admini, andika sc query http.

Nikabofya kitufe cha Windows na X, nikachagua lile la admini, nikaandika kama alivyosema, Enter. Kimya. Haikutoa eror, haikutoa jibu, mshale ukashuka mstari wa chini ukatulia. Nikamwambia kaka haijasema kitu.

"Dirisha lako rangi gani?"

"Bluu."

"Aah, funga hilo. Nenda kwenye kutafuta, andika cmd, litakuja jeusi, lifungue hilo kama admini."

Sikuuliza kwa nini, muda huo hata angeniambia nipige magoti ningepiga. Kwenye dirisha jeusi nikaandika upya na safari hii likajibu mistari kadhaa, aina yake ni KERNEL_DRIVER, hali yake STOPPED. Akaniambia sasa andika sc qc http. Ikaja na mstari wa START_TYPE, namba 4, DISABLED.

Kaka akanyamaza kidogo. "Mdogo wangu, hii haijizimi yenyewe. Mtu kaizima. Nani alikaa kwenye hiyo kompyuta jana?"

Hapo ndo nikakumbuka, na mikono ikaniishia nguvu.

Jumapili jioni mdogo wangu wa kiume alikuja dukani, yuko mwaka wa tatu, ana projekti ya mfumo wa maktaba na laptopu yake ilikuwa kwa fundi. Akaniomba ainstoli XAMPP kwenye desktopu yangu, ile programu inayoigeuza kompyuta kuwa seva ya kujaribia tovuti. Tukainstoli, tukabonyeza Start kwenye Apache, ndo seva yenyewe iliyo ndani ya XAMPP, ikaandika mistari myekundu kwamba poti 80, yaani mlango inaotaka kupokelea wageni wa tovuti, ishachukuliwa na programu yenye PID 4, yaani namba ya utambulisho wa programu inayofanya kazi. PID 4 ni System, yaani Windows yenyewe. Dogo akatafuta kwenye simu akapata komandi ya kuiachisha hiyo poti, akanisomea mimi nikachapa kwa sababu kibodi yangu herufi zimefutika na ni mimi peke yangu ninayeijua: net stop http. Ikatoa maelezo kwamba kuna sevisi zingine zinazotegemea hii nazo zitazimwa, ikaziorodhesha, chini ikauliza Y au N. Nikabonyeza Y. Print Spooler ilikuwemo kwenye ile orodha! Iliandikwa pale mbele ya macho yangu, jina lake kamili, mimi mwenye steshenari, mtu ninayekula kwa kuprinti, nikabonyeza Y bila kusoma. Halafu dogo akasema hii ukiwasha kompyuta kesho itarudi tena, kuna komandi ya kuizima moja kwa moja, nikachapa na hiyo: sc config http start= disabled. Apache ikawaka kijani, tukafurahi, tukala chipsi, tukafunga duka.

Nikamweleza kaka yote kwa aibu. Hakunigombeza. Akasema andika sc config http start= demand, na hapo kwenye start= acha nafasi kabla ya neno, ukibananisha inaweza kukumwagia maelekezo ukadhani umekosea kitu kingine. Demand maana yake isijiwashe yenyewe wakati kompyuta inawaka, ila ikihitajika iitwe, na ndivyo ilivyokuwa toka mwanzo kabla hatujaigusa. Halafu net start spooler. Nikabonyeza Enter, ikaniambia sevisi inaanza, sevisi imeanza. Yenyewe iliivuta HTTP kwanza halafu ikawaka. Nikarudi kwenye ripoti, Ctrl na P, printa hii hapa. Kurasa 54 zikatoka, nilimpunguzia bei yule kijana, nikampa na spairo bure.

Saa tano kasoro hiyo. Asubuhi nzima imekwenda kwa herufi moja ya Y.

Jioni kaka akanipigia tena, akanionyesha kitu ambacho kilinikera zaidi ya hilo tatizo lenyewe. Akaniambia fungua Event Viewer, nenda Windows Logs, halafu System, chuja zile zinazotoka kwa Service Control Manager. Huyo Service Control Manager ndo msimamizi wa sevisi zote, na ana daftari anaandika kila anayegoma. Nikakuta asubuhi ile kompyuta ilipowaka tu, kabla hata sijafungua flashi ya mtu, kaandika tukio namba 7001: Print Spooler inategemea HTTP Service ambayo imeshindwa kuanza kwa sababu imezimwa. Basi, sentensi moja. Jina la mgonjwa na jina la aliyemwangusha, yote mawili. Mimi nimezunguka masaa matatu na jibu limekaa mle ndani linanisubiri.

Toka siku hiyo nikiona eror ya sevisi kwanza sigusi kitu, naenda kwenye daftari. Zile namba zikianza na 70 najua ni msimamizi anaongea. 7001 ni mtu kaangushwa na mwenzake. 7009 ni sevisi imeitwa ikachelewa kuitika, kawaida inapewa sekunde 30, na kwenye kompyuta nzito kama yangu mara nyingi sio ugonjwa, ni uzee tu wa diski, ukiiwasha kwa mkono baadaye inakubali. 7031 na 7034 ni sevisi ilikuwa inafanya kazi ikafa ghafla. Na kama umepewa namba ya eror na hujui maana yake, kwenye lile dirisha jeusi andika net helpmsg halafu namba, mfano net helpmsg 1058, itakwambia maana yake hata kama huna bando.

Hiyo 1058 nilikutana nayo baadaye kidogo. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu, akaniomba niende kuangalia kompyuta ya ofisini kwao, printa haionekani na wao walishajiandaa kununua mpya. Nikaenda moja kwa moja services.msc, Start, eror 1058. Tofauti na ya kwangu, hii haisemi ninayemtegemea kagoma, inasema mimi mwenyewe nimezimwa. Nikaangalia Startup type, Disabled kweli. Nikamuuliza mwalimu hii nani aliizima, akasema hajui. Badala ya kuwasha tu nikauliza tena, kumbe kuna kijana alikuja kuwahudumia mwaka 2021, akawaambia kuna shimo la usalama kwenye kuprinti. Na hakukosea! Mwezi wa saba 2021 lilitoka tatizo kubwa la Spooler lililopewa jina PrintNightmare, Microsoft wakatoa sasisho la dharura, na kwa kompyuta ambayo haijasasishwa ushauri mmojawapo ulikuwa kuizima hiyo Spooler. Wakati ule kompyuta hiyo ilikuwa haina printa, kwa hiyo kijana alifanya sahihi kabisa, ila hakuandika popote, akaondoka. Nikahakikisha kwanza masasisho yameingia, ndo nikarudisha Automatic nikawasha. Mwalimu alitaka kunipa hela ya nusu siku kwa kazi ya kama dakika kumi, nikachukua nauli na soda, ila nikabandika karatasi nyuma ya monita nimeandika tarehe na nilichobadilisha. Na kwangu nimebandika ya hivyo, imeshajaa inataka nyingine.

Kuna aina ya tatu ambayo ndo inasumbua sana wenye maduka kama sisi tusio na UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Umeme unakatika katikati ya kuprinti, ukirudi Spooler unaiwasha inakubali kabisa, unageuka kuchukua karatasi, unarudi imezima. Unawasha, inazima. Hii mara nyingi ni faili bovu kwenye foleni, Spooler akiamka anaanza kusoma alipoishia, anakutana na lile faili lililokatwa nusu, linamwangusha. Hapo sasa ndo ule ushauri wa kufuta foda ya PRINTERS una maana. Unasimamisha kwanza kwa net stop spooler, ukisahau hilo Windows itakugomea ikisema faili linatumika, unaingia mle unafuta vilivyomo, utakuta viko viwiliviwili, kimoja kinaishia na SPL ndo kazi yenyewe, kingine SHD ndo maelezo ya nakala ngapi, karatasi gani, halafu unawasha tena. Foda yenyewe usiifute, futa vilivyomo. Nilishamwona mtu kafuta foda nzima.

Na zile video za zima sevisi hizi ishirini kompyuta yako iwe rocket, sitaki hata kuziona. Sisemi zote ni mbaya, ile SysMain, inayopakia mapema programu unazotumia sana, mimi nimeizima kweli na diski yangu imepumua, lakini nilizima moja, nikakaa nayo wiki nzima naangalia nani analalamika, nikaandika kwenye karatasi. Mtu anakuja dukani kazima ishirini kwa mpigo, Wi-Fi haipo, sauti haipo, sasisho haziingii, unamuuliza umezima zipi anakwambia zile za kwenye video.

Dogo naye XAMPP yake ilikuja kufanya kazi bila kugusa Windows hata kidogo. Kaka alimwelekeza afungue faili la mipangilio ya Apache, httpd.conf, atafute mstari ulioandikwa Listen 80 auandike Listen 8080, yaani ahamie poti nyingine, halafu kwenye brauza aandike localhost:8080. Kazi ya dakika mbili.

Halafu kuna lile dirisha la bluu. Mwezi mmoja baadaye natafuta faili lingine ndani ya System32 nikakutana na faili halina aina yoyote, jina lake ni query tu, tarehe ya Jumatatu ileile, saa nne. Nikaogopa nikadhani kirusi. Nikalifungua kwa Notepad, ndani kuna neno moja: http. Nikampigia kaka, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe lile la bluu ni PowerShell, dirisha la komandi la aina nyingine, na kwenye PowerShell ya Windows 10 hizo herufi sc ni kifupi cha komandi nyingine kabisa, ya kuandika kitu ndani ya faili. Kwa hiyo nilipoandika sc query http haikuuliza sevisi yoyote, ilinitii tu, ikatengeneza faili linaloitwa query, ikaandika humo http, ikanyamaza. Ukitaka kuitumia mle unaandika sc.exe. Faili nimelifuta, ila nimeliongeza kwenye karatasi ya nyuma ya monita.